Ng'ombe wa Dukorane

Kitahana,
Kibondo, Kigoma.
14 Machi, 2025.

Mpendwa dada Aline,

Kaa chini kwanza. Barua uliyoishika inatoka kwa mwanasheria mkubwa kuliko wote waliopata kuzaliwa kati ya Kibondo na Kasulu, mtu aliyeimaliza kozi yako ya sheria za makampuni kwa kiangazi kimoja, bila ada, bila bumu la mkopo, bila hata viatu, akiwa amelala chali kwenye majani anachunga mbuzi. Wewe uko mwaka wa tatu na bado somo hilo hilo linakutoa jasho. Sisemi nimekuzidi. Nasema tu watu wanaongea.

Sasa salamu, maana najua hapo umeshakunja uso. U hali gani huko Dar es Salaam? Joto linakuachia upumue? Mama anauliza kama mnapata ugali wa muhogo au bado mnalishwa ule mweupe wa mahindi ambao yeye anaamini ndio unaowakondesha wasomi. Kile kikohozi chako kimepona? Huku tu wazima. Mama huyo huyo, mama yako mdogo Immakulata, goti humsumbua mvua ikija, lakini shambani bado anatutangulia wote na kututukana akiwa mbele. Maharage yametoka vizuri. Babu yako Nsengimana hajambo. Alipata homa kidogo mwezi uliopita mvua zilipozidi, ikapita. Usishtuke na usipige simu. Habari zake nitazifikia.

Utauliza kwa nini sikutuma ujumbe wa sauti kama watu wengine. Ninajua kwamba sauti zangu unazifungulia bwenini mbele ya wenzako, mnacheka ninavyosema "ego", ndiyo yetu ya Kiha, kila baada ya maneno mawili. Halafu ni wewe mwenyewe uliyesema jambo zito huwekwa kwenye maandishi. Barua anakuletea Athuman, anayekuja Kariakoo kuchukua vitenge vya duka la baba yake pale Kibondo mjini. Mkirimu, mpe chai, lakini atakayokusimulia juu yangu usiyaamini. Ni wivu. Bahasha nimeibandika kwa gundi ya viatu, kwa hiyo ukiikuta imefunguliwa, mshtaki.

Elimu yangu nimeipata hivi. Unakumbuka ile simu yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka, uliyoniachia ukasema umefuta kila kitu? Hukufuta kitu. Picha zako za kujipiga kwenye kioo zimo, nimezitunza kwa ajili ya siku utakaponiudhi. Na zimo sauti zako unajisomea peke yako kabla ya mtihani, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, unajiuliza na kujijibu kama mgonjwa. Vijana wenzangu wanachunga wakisikiliza bongofleva. Mimi nilichunga nikikusikiliza wewe.

Siku ya kwanza nilisikia ukisema: "Kampuni ni mtu. Ina jina lake, ina mali yake, inashtaki na kushtakiwa, na wenye nayo wakifa wote yenyewe haifi." Niliinuka nikakaa. Dada, mimi nilisomeshwa mpaka kidato cha pili na walimu wenye fimbo nene, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kitu kitamu namna hiyo. Unamtengeneza mtu kwa kukubaliana tu. Hali, halali, hafi, hana shangazi.

Ndiyo maana nilikasirika uliposema kwenye simu na Mama kwamba unataka kuliacha somo hilo, eti ni la matajiri wa mjini, halina kazi kwa watu wa maharage kama sisi. Nakuandikia ujue kazi yake.

Tulianzisha kampuni, mimi na Venanti na Esteri na huyo Athuman uliye naye hapo. Jina lake Dukorane, tufanye kazi pamoja, hata anayejua Kiha cha kuombea maji anaelewa. Tunakusanya maharage na asali huku milimani tunapeleka soko la Kasulu. Venanti ana mabega, Esteri ana mdomo, Athuman ana duka la baba yake, mimi nina kichwa. Muhuri tulichongesha Kasulu, wa mviringo, una nyuki katikati, ila fundi amemwekea masikio. Usajili uko njiani. Esteri alinisumbua sana kwa hilo la usajili, akasema mtu asiye na karatasi si mtu. Nikamuuliza: Mzee Nsengimana kalima hapa miaka mingapi kabla serikali haijampa karatasi ya uraia, miaka yote hiyo hakuwa mtu? Akanyamaza. Esteri kunyamaza, dada. Ningekuwa mahakamani wangesimama wote.

Na kampuni ilifanya kazi. Mnunuzi mmoja pale Kasulu alitaka kumpunja Venanti kwenye mizani, kwa sababu Venanti ni mpole na anaomba radhi hata akikanyagwa. Nikatoa muhuri nikauweka juu ya gunia. Nikamwambia yule bwana kwamba hapa hazungumzi na Venanti. Venanti ni mdomo tu, mwenye maharage ni Dukorane, na Dukorane hana aibu na anaishi milele. Yule bwana alinitazama mimi, akatazama nyuki mwenye masikio, akaipima mizigo upya. Tangu siku hiyo ananiita mheshimiwa. Sijamkataza.

Sasa nije kwa ng'ombe, maana ndiye anayenifanya niandike.

Ulipokwenda chuo, kule kwa Babu yako nyumba ilibaki kimya. Mimi si damu yake. Yeye ni baba wa baba yako, mimi ni wa upande wa mama zetu, na kwa hesabu ya ukoo sina hata kigoda cha kukalia kwake. Lakini nilikuwa napita. Nilimwezekea jiko, nilimpasulia kuni, jioni nakaa naye ananicheka kwa jinsi ninavyojisifu na mimi nazidisha ili acheke zaidi. Agosti iliyopita akaita watu. Chungu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi, katikati, mirija imesimama, wazee wamezunguka. Gaju akaletwa, yule mwekundu mwenye doa kwenye paji la uso uliyekuwa ukimkamulia. Babu akasema anataka kunipa.

Unajua mwenyewe maana yake, lakini acha niseme kama unavyosema kwenye zile sauti zako, kwa faida ya darasa. Kwetu ng'ombe si zawadi ya kusema asante ukaenda. Aliyetoa na aliyepokea wanakuwa watu wa nyumba moja. Ukiezeka naja, ukiugua nakubeba, ukifa nashika jembe la kaburi. Ndama jike wa kwanza anarudishwa kwa aliyetoa, na aliyepewa anampeleka mwenyewe na chungu cha pombe, anasimama mbele ya watu anasema: ni mimi uliyenipa. Asiposimama mtu, ng'ombe anafuatwa, na undugu unaondoka kwa kamba hiyo hiyo.

Wewe ni mjukuu wake kwa kuzaliwa. Mimi ningekuwa mjukuu kwa Gaju. Sikumwambia mtu, lakini usiku wa kuamkia siku ile sikulala kwa furaha.

Basi nikasimama, na hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi. Niliwafikiria baba zangu wadogo wa Rungwe Mpya. Unawajua. Wakisikia Nkunzimana ana ng'ombe, mmoja atakuja na mahari ya mwanawe, wa pili atakuja na ugonjwa, wa tatu atakuja tu. Nikasema mbele ya wazee wote: Babu, nashukuru, lakini usinipe mimi. Mpe Dukorane. Wazee walicheka mpaka mirija ikaanguka. Mimi nikawaeleza, kampuni ni mtu, ina jina, haifi, yote kama ulivyosema wewe, na mikono nilikuwa naipunga kama unavyoipunga.

Babu yako hakucheka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Nikiwa na shida, nimwite nani?"

"Mwite Dukorane, Babu."

Akafikiri kidogo. "Haya. Dukorane, nimekupa Gaju."

Watu wakapiga makofi. Nilivimba, dada, nilikuwa sipiti mlangoni. Na sheria yako haikuniangusha, maana wale wa Rungwe Mpya walikuja kweli, wote watatu, hata wiki haijaisha. Wakanywa uji, wakamzunguka Gaju wakimsifu matiti. Nikawaonyesha muhuri. Nikawaambia ng'ombe mnayemwona si wangu, kamwombeni mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi? Hayuko popote, ndiyo uzuri wake. Walirudi kwao wakiwa wamebeba vijiti vyao vya kuswagia. Mama alicheka mpaka akashika goti.

Sasa Gaju ana mimba kubwa, Pasaka haitafika kabla hajazaa. Akizaa jike, ndama anatakiwa kupelekwa na mtu anatakiwa kusimama. Na Babu yako ameanza kuuliza kila anayepita njia ya kwake: ng'ombe wangu yuko kwa nani? Anajua vizuri yuko wapi. Gaju amefungwa nyuma ya nyumba yetu, usiku akikohoa nasikia. Lakini anauliza, na anayeulizwa anakuja kuniuliza mimi, na sasa kijiji kizima kinaniuliza. Wanasema akizaa bila jibu kupatikana, mzee atatuma watu wamfuate.

Tumefanya vikao. Athuman anataka tupeleke barua yenye muhuri. Venanti anataka twende wote wanne tusimame pamoja kama kwaya. Esteri alisema aende mwenyekiti, yaani mimi, na mimi nikakubali haraka, nikaanza hata kujifunza maneno. Ndipo Venanti, huyo huyo mpole, akaniuliza nitasemaje. Nikamwambia nitasema ni mimi uliyenipa. Akatazama chini.

"Si utakuwa unadanganya?" akasema. "Alikuwa anakupa wewe. Wewe ukakataa, tukisikia wote."

Nilimwambia hajui sheria. Lakini nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Kwa hiyo swali langu kwako ni la kitaalamu kabisa, na ningependa ulijibu kama msomi kwa msomi. Je, kampuni inaweza kumpa mwanachama wake mmoja ng'ombe, ili mtu huyo asimame kwa jina lake mwenyewe na asiwe mwongo? Tunahitaji kura? Tunahitaji shahidi? Muulize mwalimu wako. Usimtaje mteja, sema tu ni bwana mmoja wa nyanda za juu za Kigoma mwenye mifugo. Na somo usiliache. Ukiliacha nani atanijibu, wale wa sheria ya ndoa?

Ningeishia hapo. Karatasi imebaki na nilikuwa nimeshaanza kuandika salamu za mwisho. Lakini kuna sauti yako moja, ya mwisho kabisa kwenye simu, ambayo sikuwahi kuisikiliza kwa sababu inaanza na wewe unakohoa muda mrefu na mimi nilikuwa nairuka. Nimeisikiliza wiki iliyopita. Unasema kampuni ni kama pazia, na nyuma ya pazia kuna watu. Unasema mara nyingi sheria huliheshimu pazia hilo, haichungulii. "Lakini mtu akilifanya mahali pa kujifichia," unasema, "mahakama hulifunua, ikawatazama waliomo usoni." Kisha unapiga miayo, unasema hii hawataitoa kwenye mtihani.

Waliitoa, dada. Huku kwetu waliitoa.

Ile homa ya Babu yako haikuwa kidogo.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, ile njia ya kwake imekuwa utelezi mtupu, hakuna bodaboda iliyothubutu kupanda. Sisi tulikuwa barazani kwa Esteri tunachambua maharage. Akaja Niyubahwe, jirani yake, ameloa mpaka nguo zimemganda mwilini. Hakukaa. Akasema mzee hawezi kusimama, anatetemeka, anatakiwa abebwe mpaka barabarani apate gari la hospitali. Halafu akasema ujumbe aliopewa, vile vile alivyopewa:

"Anamwita Dukorane."

Angesema anamwita Nkunzimana ningekuwa nimeshafika nusu ya kilima kabla hajafunga mdomo, nakuapia kwa Mama. Lakini mzee alikuwa ameshika nilichomfundisha. Akamwita mtu niliyemwambia amwite. Na sisi tukatazamana, maana kila mmoja alikuwa anamtafuta huyo Dukorane kwenye uso wa mwenzake. Athuman akasema labda tumpelekee dawa kutoka dukani. Esteri akauliza kama gari litakodiwa na kampuni au na nani. Wote wakageuka kunisikiliza mimi, mwenye kichwa.

Nikasema jambo la kampuni huamuliwa na kikao, na Venanti yuko Kitanga kwenye mzigo, kwa hiyo akidi haijatimia.

Nililisema hilo neno, Aline. Akidi. Nililipenda nilipolitamka. Niyubahwe alisimama kwenye matone ya paa akisubiri, akidhani nikishamaliza kusema nitanyanyuka. Aliposhuka barazani mimi bado nilikuwa naeleza.

Na tulikuwa bado tunabishana walipopita. Niyubahwe na wanaume watatu wa kanisani, ingobyi mabegani, ile machela yetu ya miti na kamba, Babu yako ndani amefunikwa blanketi. Mmoja wa waliombeba ni mzee kuliko Mama. Miguu inateleza, wanashikana viuno wasianguke. Wakafika mbele ya baraza ya Esteri, wakamtua kidogo wabadilishane bega. Mkono wake ukatoka, akajifunua uso mwenyewe. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayesoma majina ukutani. Kisha akauliza, kwa adabu yake ile ile ya siku zote:

"Dukorane yupo hapa?"

 Mimi muhuri ulikuwa mfukoni, niliushika. Akangoja kidogo, akajifunika tena, wakamnyanyua.

Amepona, usilie. Alirudi kutoka hospitali kwa miguu yake kuanzia barabarani, amekonda lakini sauti ipo. Mama humpelekea uji. Mayai nimetuma mara mbili, kwa mkono wa Mama, na mara zote amepokea na kuuliza yametoka kwa nani.

Kwa hiyo lile swali usimpelekee mwalimu. Nilipoanza barua hii nilidhani nataka kujua sheria inasemaje, na sasa naona nilikuwa nataka unipe karatasi ya kwenda nayo mbele ya yule mzee ili nisiende na uso mtupu. Hata mimi wa kidato cha pili najua karatasi hiyo haipo. Wewe soma tu, soma na ile sehemu ya mwisho, uje uwaambie watu kama mimi kabla hawajachonga mihuri.

Mama Immakulata anakusalimu sana, amekuwekea mawese kwenye dumu dogo na Athuman ameapa hatayamwaga. Esteri anakusalimu, anauliza kama ni kweli mtavaa yale majoho meusi na joto lote hilo. Venanti anakusalimu. Tangu aliporudi kutoka Kitanga akasikia, hajanilaumu, ila kila asubuhi anapita kwa mzee kumchotea maji, na njia yake inapita mbele ya mlango wangu. Gaju ni mnene na mvivu, ukimwita kwa sauti yako kutoka kwenye simu anageuza masikio. Mungu akushike mkono barabarani na kwenye mtihani, akurudishe nyumbani ukiwa na akili zako zote na mashavu yako.

Salamu za Babu sina. Nimeogopa kwenda kuzichukua.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Nkunzimana